Ukuta wa Asukile

Mume wangu Asukile alikuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa Mbeya, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu akisifiwa mno kwa kazi moja ya mkono, huanza kuamini kwamba mkono huo hauna kisichowezekana. Jirani yetu, fundi Alawi, alipomwambia kugawa nyumba si jambo la kujaribia, Asukile alicheka.

"Nimefika darasa la nane, bwana Alawi. Matofali yatanishinda nini?"

Alawi alikuwa mtu wa asili ya pwani, mpole hata anapokudharau. "Hayatakushinda, bwana karani," alisema. "Yatakungoja tu."

Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na tano. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki kabla ya Pasaka, na baba mkwe alibaki peke yake kule Rungwe katika nyumba yake ya mianzi, kifua kikimsumbua, hana wa kumkorogea hata uji. Jina lake silitaji. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hataji jina la baba mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye, wala hakai naye chini ya paa moja. Yeye akiingia kwa mlango huu, wewe unatokea kwa ule, na ndiyo maana nyumba nyingi za wazee wetu zilikuwa na milango miwili. Hata ya mzee ilikuwa nayo. Lakini mkewe alipokufa aliuziba ule wa nyuma kwa udongo, akasema mtu mmoja hana haja ya njia mbili. Basi mimi sikuwa na pa kupita kwenda kumpikia kwake, na yeye hakuwa na pa kulala kwangu. Kanisani tulikuwa tumelegeza mengi, lakini hilo hapana. Mwili wenyewe ulikuwa unakataa.

Na mimi nilimpenda mzee yule ambaye sikuwahi kuuona uso wake. Nasema wazi kwa sababu sasa hakuna wa kunizuia. Nilipozika mtoto wa pili, ndugu za Asukile walikaa kikao wakataka nirudishwe kwetu na ng'ombe wa mahari wadaiwe. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya migomba. Walipomaliza, baba mkwe akasema, "Ng'ombe wangu niliwatoa kwa ajili ya mtu. Sikuwatoa kwa ajili ya tumbo." Akainuka, na kikao kikaishia hapo. Miaka mitano ilikuwa imepita na sikuwa nimemwambia asante. Ningemwambia kwa mdomo gani?

Kwa hiyo Asukile aliposema atamleta babake Mbeya, niliifurahia habari hiyo kuliko yeye. Mpango wake ulikuwa hivi. Nyumba yetu ilikuwa ndefu, ya matofali mabichi na bati. Angeikata kwa ukuta, upande wa mashariki uwe wa baba, wenye mlango wake wa nje, na upande wetu ubaki na mlango wetu. Ukuta usio na mlango, alisema, huifanya nyumba moja kuwa mbili. Mzee alitumiwa salamu, naye akajibu kwamba kama ukuta hautakuwa na tundu, atakuja.

Asukile alianza kwa kununua vifaa. Alinunua mwiko, timazi, na pima maji ya mbao iliyong'arishwa vizuri sana. Hiyo pima maji aliipenda mno, akaitundika sebuleni karibu na kalenda, na huko ilikaa salama mpaka ujenzi ukaisha. Mimi nilichota maji, nikakanyaga udongo, nikamsogezea matofali. Nami sikuwa najua chochote, lakini nilikuwa na macho. Niliona kwamba anapanga tofali juu ya tofali, kiungo juu ya kiungo, vinafuatana kutoka chini mpaka juu kama vifungo vya shati. Nyumba ya Alawi haikuwa hivyo. Kule kila tofali lilikalia mawili.

"Mbona kwa Alawi yamepishana?" nilimuuliza.

"Yule anapenda mapambo," Asukile akanijibu.

Matofali yaliisha ukuta ukiwa umebakiza kama mkono mmoja kufika kwenye bati. Asukile akasema pengo lile litapitisha hewa. Nilimkumbusha neno la baba kuhusu tundu, akakasirika, kisha akapigilia magunia mawili pale juu. Gunia halizuii hata kikohozi, lakini kwa macho lilikuwa limeziba.

Kosa kubwa lilikuwa la mlango, na hilo ni kosa la Mnyakyusa aliyekaa mjini mpaka akasahau miguu ya mkewe inapita wapi. Aliutoboa ukuta wa nje karibu na kona, upande wa jua la asubuhi, ili baba aote jua. Vizuri. Ila upande huo ndio uliokuwa na jiko langu. Kila mzee atakapofungua mlango, mimi nitakuwa mbele yake nimeinamia chungu. Nilipomwonyesha, Asukile alisimama pale katikati ya tundu lake, mwiko mkononi, mpaka nikamhurumia. Akaliziba tundu kwa udongo na vipande, akatoboa jingine upande wa mlimani, karibu kabisa na kona ile ile. Kona ile sasa ilikuwa na majeraha mawili, moja kila upande. Fremu na mlango alivitengeneza kwa mbao mbichi alizouziwa na mpasuaji fulani, bado zinatoa utomvu.

Mzee alifika mwezi wa kumi kwa basi la Tukuyu. Mimi nilikuwa jikoni nimegeuzia ukuta uso. Nilisikia hatua zake zikiizunguka nyumba polepole, fimbo ikigonga hapa na pale. Huyu alikuwa mjenzi. Nyumba zake za mianzi zilisifiwa mpaka kule Masoko.

"Juu ya mlango umeweka nini?" alimuuliza mwanawe.

"Fremu, baba."

"Fremu ni ya mlango. Ukuta wenyewe umelalia nini?"

"Baba, haya ni matofali. Si mianzi."

"Mvua haiulizi," mzee alisema.

Akaingia ndani akalala. Tangu siku hiyo hakulisema tena mbele ya Asukile, kwa kuwa alikuwa mgeni kwa mwanawe na alijua ukubwa wa kichwa chake.

Tukaanza kuishi. Nilikuwa nikipeleka chakula mpaka mlangoni pake, nakiweka juu ya kigoda cha nje, nagonga kigoda mara mbili, naondoka, kisha yeye anafungua. Siku ya nne au ya tano, nikiwa naondoka, nilisikia sauti kutoka ndani. "Kuku, mwambie aliyepika kwamba ndizi zimeiva vyema." Kuku wangu mwekundu alikuwa kweli anaparura pale. Nilisimama nyuma ya kona, nikaiambia sufuria niliyoishika, "Sufuria, mwambie kesho kuna maharage." Nikasikia anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Hivyo ndivyo tulivyozungumza miezi miwili na zaidi. Hatukusema makubwa. Alimuuliza kuku kama mahindi ya jirani yamechomoza. Niliiuliza sufuria kama kifua kimelala vizuri. Kila siku nilijiambia leo nitaituma ile asante, na kila siku niliona si neno la kumpa kuku. Nilidhani muda upo.

Mvua ilipoanza, mlango ukaanza kukaza. Siku za kwanza mzee aliusukuma kwa bega. Baadaye Asukile alikuwa akienda kumfungulia asubuhi kabla ya kazi, anarudi amelowa. Juu ya fremu palitokea ufa mwembamba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwanza, ndipo tukapata ufa.

Baada ya Krismasi kampuni ya malori aliyoifanyia kazi ilimtuma Iringa na mzigo. Asubuhi ya kuondoka alisimama muda mrefu akiutazama ule ufa, kisha akaniambia neno ambalo sikutegemea kulisikia kwake. "Ikupa, baba alisema kweli. Nikirudi nitapitia Mafinga, nichukue ubao mnene wa kulaza juu ya mlango. Nitamwita Alawi auweke." Nilimwitikia vizuri. Sikumcheka hata kidogo.

Alikuwa arudi siku ya tatu. Mvua ilinyesha siku tatu, usiku na mchana, na mtu aliyetoka njia ya Iringa alisema malori yamezama kwenye tope karibu na Nyololo, yamepangana kama ng'ombe mtoni. Siku ya nne asubuhi nilipeleka uji, nikagonga kigoda mara mbili, nikajificha nyuma ya kona. Nilisikia mlango ukitikiswa. Ukatikiswa tena. Kisha kikohozi kirefu.

Nikatoka. Nilijua simwoni wala hanioni, mlango umefungwa. Ufa sasa ulikuwa umepanda kutoka kwenye fremu mpaka kwenye bati, na ngumi yangu iliingia. Kona yote ilikuwa imekaa chini na kuilalia fremu. Nilitega bega nikasukuma, na udongo ukanimwagikia kichwani.

"Mlango," mzee alisema kutoka ndani, sauti haina haraka, "mwambie anayekusukuma aache. Wewe peke yako ndiye uliyeshikilia nyumba. Ukitoka wewe, kona itakuja juu yangu."

Nikaacha. Dirisha alilolifanya Asukile lilikuwa la ukubwa wa daftari. Nilikimbia kwa Alawi pekupeku. Mkewe Mwanakhamisi alitoka ukumbini na ushungi mkononi, akaniambia Alawi yuko Chunya tangu Jumatatu. Nilimweleza, naye hakuuliza mara mbili. "Rudi kwa mzee wako, mimi natafuta wanaume," alisema, akaingia mvuani na kanga zake.

Nilirudi. Wanaume wangetoka wapi siku ya kazi, kwenye mvua ile? Nilisimama sebuleni mbele ya ukuta wa mume wangu, sululu mkononi. Nje kulikuwa na kona inayoshuka. Ndani kulikuwa na ukuta huu tu, ambao haukubeba chochote, haukugusa hata bati. Ulikuwa umebeba jambo moja: ruhusa ya mzee kulala kwetu. Nikiubomoa, simpotezi kwa kona, nampoteza kwa mkono wangu. Nisipoubomoa, nampoteza vilevile. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kama mtoto, kwa hasira, kwa sababu kila njia niliyoiona ilikuwa imefungwa na mtu anayenipenda.

Nyuma ya ukuta alinisikia. Akakohoa, akangoja.

"Ukuta," alisema, "mwambie anayelia kwamba anayekubomoa huanza juu. Asianze chini, utamwangukia miguuni."

Nikavuta meza, nikapanda, nikang'oa magunia. Nikapiga. Matofali yalitoka safu kwa safu, kwa kuwa hayakushikana, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwa ujinga wa mume wangu. Ukuta wa Alawi ungenichukua siku nzima. Huku napiga, nilikuwa nasikia kule nyuma udongo unadondoka kidogo kidogo, na kila ukidondoka napiga kwa nguvu zaidi. Mzee aliongea muda wote, na ukuta, kwa utulivu ule ule: sasa kushoto, sasa mwambie apumzike pumzi moja, sasa aendelee.

Ukuta ulipofika kiunoni akasema, "Ukuta, mwambie nimejifunika."

Nikatazama. Mzee amesimama kando ya kitanda, blanketi la kijivu limemfunika kuanzia kichwani, anapapasa hewani kwa fimbo. Alinyanyua mguu avuke, na mguu ukakataa. Akaanguka mbele. Nikamdaka.

Sikuwahi kumgusa, wala sikupaswa kumgusa hata siku ya kufa kwake. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, mifupa na joto la homa, na moshi wa jiko langu ulikuwa kwenye blanketi lake. Nilitoka naye kwa mlango wetu mpaka jikoni, nikamketisha kwenye kigoda karibu na moto. Nilichokiona ni miguu tu: kidole kikubwa cha kushoto kimepinda kuelekea wenzake, na kovu la shoka juu ya kifundo. Kisha nikatoka, maana jiko nalo lina paa.

Sijui nilisimama nje muda gani. Kona ilianguka mimi nikiiangalia, ikaenda na mlango, na matofali yakakifunika kitanda. Mwanakhamisi aliporudi na wanaume wawili wa sokoni alinikuta nimesimama kwenye mvua nje ya jiko langu mwenyewe, moto unawaka ndani, nami natetemeka. Alidhani nimerukwa na akili. Alinivisha kanga yake iliyolowa.

Asukile aliingia siku ya sita, tope mpaka magotini, na ubao begani. Ubao mzuri, mnene, urefu wa mtu. Aliutua taratibu mbele ya lile tundu lililokuwa kona, akakaa juu yake.

Mzee alikuwa kwa Alawi, amelazwa kwenye chumba cha wageni. Alawi aliporudi kutoka Chunya alisema atajenga ukuta na kona, siku nne tu, na safari hii pima maji itashuka kutoka kwenye kalenda. Mzee alimshukuru, akakataa. Asukile alipiga magoti, akakataa. Alisema mkamwana wake amemshika mwilini, na baada ya hapo hakuna ukuta wa kutosha. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Mtu mmoja tu angeweza kumbembeleza, naye ndiye asiyeruhusiwa kusema naye.

Siku ya kuondoka aliomba kitu kimoja, ule ubao wa Mafinga. Asukile alidhani mzee anamwadhibu, lakini aliubeba mpaka kwenye basi. Mimi nilijificha nyuma ya jiko na kuku mwekundu kwapani. Hatua zake zilipopita upande wa pili nikasema, "Kuku, mwambie asiende." Hatua zikasimama. "Kuku," nikasema, "mwambie kile kikao nilikisikia, nilikuwa nyuma ya migomba. Mwambie ndaga, tata." Ndaga ndiyo asante yetu, na tata ni baba.

Alisimama pale mpaka Asukile akamwita. Kisha fimbo ikagonga chini, na hatua zikaendelea. Hakunijibu. Nilikaa na hilo miezi mitano, najiuliza kama nimemwaibisha, kama nilivuka mpaka mara mbili.

Alifariki mwezi wa sita, wakati wa baridi. Tulipofika Rungwe wanawake walikuwa wamejaa uani, na mimi nilikaa mbali, kwa desturi. Alipokwisha kuzikwa, jirani yake Esta, mama mtu mzima aliyekuwa akimpikia uji, alinishika mkono akasema, "Njoo, wewe hukupita mbele. Pita kwako."

Akanizungusha nyuma ya nyumba. Udongo aliokuwa ameuzibia mlango baada ya kifo cha mkewe haukuwepo. Palikuwa na mlango mpya, na juu yake ubao wa Mafinga, umelala sawa, ncha zake zimeingia pande zote mbili ndani ya nguzo.

"Tulimuuliza mlango wa nini, naye yuko peke yake," Esta alisema. "Akasema ni wa mkamwana wake, aje akae naye mvua zikija. Tukamwambia basi atume salamu. Akasema ngoja kwanza ubao ukauke, mbao mbichi ziliwahi kumfungia. Tangu Januari ulikuwa umelala kivulini. Ameuinua mwezi uliopita tu, na bado akawa anasema bado kidogo."

Nilisukuma mlango ule kwa kidole kimoja, ukafunguka mpaka mwisho bila sauti. Ndani palikuwa na kigoda, na sufuria mpya iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Niliingia, nikakaa kwenye kigoda, na mlango nikauacha wazi.